Watoto Wanakula Bure

Jumamosi. Saa nne asubuhi. Mabatini, Mwanza.

Mashine ya kusaga ilinguruma upande wa mbele. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha kuwekea magunia, na ndani ya chumba kile walikaa wanaume wanne. Walipachagua kwa ajili ya kelele. Ukisema neno pale, hata aliyeegemea ukuta kwa nje halisikii.

Mashimba alimwaga pumba mezani. Akazisawazisha kwa kiganja, akachora kwa kidole.

"Hili ziwa. Hili gati la hoteli. Hapa ngazi. Juu ya ngazi, Papa Dino."

Papa Dino ni mgahawa ulioko ndani ya hoteli moja kubwa ya ufukweni, upande wa Ilemela. Mwenyewe anaitwa Nkwabi, Msukuma kabisa, ila alikaa Marekani miaka ishirini akipika kwenye jiko la Waitaliano wa kule. Akarudi na mapishi yao. Piza, tambi na nyama za mviringo, mkate wa kitunguu saumu. Meza zina vitambaa vya mirabamiraba, nyekundu na nyeupe, na juu ya kila meza kuna karatasi na kikombe cha kalamu za rangi ili watoto wachore. Jumamosi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, kuna kitu wanakiita hepi awa. Mkubwa ananunua kinywaji kimoja, anapewa viwili. Mtoto wa chini ya miaka kumi anakula bure.

"Kwa hiyo tunakwenda kupora chekechea," Opiyo akasema.

"Tunakwenda kupora mabondo. Funga mdomo."

Mabondo yanatoka ndani ya tumbo la sangara. Ni kile kifuko cha hewa. Zamani wavuvi walikitupa. Siku hizi kinakaushwa, kinakuwa chembamba kama ngozi ya ngoma, na wanunuzi wa nje wanakililia kuliko samaki mwenyewe. Kuna mtu akiitwa Luhende, hana kibali wala ofisi. Kila Jumamosi aliuza mabondo yake pale pale Papa Dino, mbele za watu. Alikuja na watoto wawili wa dada yake, akakaa meza ya saba, akaagiza tambi. Saa kumi na moja na nusu mnunuzi wake alipita, akamsalimia, akaondoka na maboksi mawili ya piza. Ndani hamkuwa na piza.

"Nani atamshuku mtu mwenye watoto?" Mashimba akasema. "Na tukimpora, polisi ataenda kusema ameibiwa nini? Eh? Mchongo mtamu kama huo mliusikia wapi?"

"Mzigo wa Luhende unafungiwa jikoni, maboksi nampa mimi," alisema Pius. Yeye alikuwa mhudumu pale, tayari amevaa suruali yake nyeusi ya kazini. Kila baada ya maneno mawili aliangalia simu. "Geti la chini nitaliacha wazi. Mkitoka, mimi siwajui."

"Opiyo anakaa na boti, injini iwe ya moto. Mimi nakwenda meza ya saba. Malimi anawalaza watu chini na kukusanya simu kwenye ndoo. Dakika nne. Tumesepa."

Mtu akikwambia kazi ni ya dakika nne, muulize dakika ya tano iko wapi. Pale chumbani hakuna aliyeuliza.

Malimi alikaa juu ya gunia, amejiinamia. Alikuwa na miezi saba tangu atoke gerezani Butimba. Alifungwa kwa kazi ya Mashimba, Mashimba akabaki mtaani. Siku aliyofungwa, mama mkwe wake alikuja na bajaji akamchukua binti yake Evelina, mke wa Malimi, na mjukuu wake Rebeka, akawapeleka kwake Kiseke. Malimi alipotoka, mkwe alimtuma shangazi na maneno machache. Akitaka mke, aonyeshe chumba na kazi. Akirudi kwa Mashimba, mtoto ataambiwa baba yake alikufa.

Alihangaika. Alibeba tofali. Alishuka mashimo ya dhahabu Geita, akarudi na kifua kibovu. Sasa Evelina alikuwa amepata kazi Tabora, na Jumatatu alfajiri angepanda basi yeye na mtoto. Malimi alibakiwa na leo na kesho.

"Chuma chako," akasema. "Kina risasi?"

"Ulitaka kiwe na njugu?"

"Pale pana watoto, Mashimba. Kikiwa na risasi mimi siendi."

Mashimba akachomoa bastola kiunoni, akaitoa risasi moja moja, zikadondoka kwenye pumba. Tano.

"Umeridhika, mchungaji?" Akacheka, akawageukia wenzake. "Mnamwona huyu? Anamwogopa mama mkwe kuliko njagu na pingu zake. Mwezi wa tatu tuko naye Kiseke, bibi huyo anatoka gengeni na kikapu. Jamaa kaacha njia, karuka mtaroni, kachuchumaa na uso kaugeuzia ukutani! Mtaro wenyewe una maji! Bibi kapita, wala hajaulizia!"

Pius alicheka hadi akajipiga paja. Opiyo hakucheka.

"Hata sisi kwetu ni hivyo," akasema. "Mkwe si mtu wa kukutana naye uso kwa uso."

Ndivyo Malimi alivyolelewa kule Magu. Mkwe humpi mkono. Huli naye meza moja. Ukimwona njiani unatoka, unageuza uso, unachuchumaa mpaka apite. Miaka saba ya ndoa hakuwahi kumtazama yule mama machoni. Hata mahakamani, siku ya hukumu, mkwe alipoingia Malimi aligeukia ukuta na pingu zake mkononi. Mwili ulikuwa umeshazoea. Haukungoja kuambiwa.

Wakati wanatoka, Mashimba alibaki nyuma kidogo. Alisema anafunga mlango.

Saa kumi na dakika arobaini. Ziwani.

Boti la fiba lilijibanza nyuma ya mawe makubwa. Kutoka pale waliona mwavuli mmoja mmoja wa Papa Dino, na muziki uliwafikia vipande vipande. Mashimba alikuwa amepanda juu ya jiwe kuchungulia. Opiyo alijifanya anafuta injini.

"Malimi," akasema kwa sauti ya chini. "Bado unaweza kushuka. Kuna njia pale kati ya mawe, unatokea barabarani."

"Jumatatu wanaondoka, kaka."

"Waondoke. Tabora kuna basi kila siku."

"Nimfuate na nini? Na hii mikono?"

Opiyo alifuta, akafuta. "Basi nikwambie moja. Ukisikia injini inaunguruma kabla ya muda, kimbia. Usimngoje mtu."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kimbia."

Malimi alitaka kumbana zaidi, lakini simu ilimtetemekea mfukoni. Namba ya mama mkwe. Alijua ni Rebeka, kwa kuwa bibi yake hakuwa anampigia yeye kwa lolote. Mtoto alikuwa ameshajifunza kuifungua simu ya bibi. Alhamisi walizungumza robo saa nzima. Malimi alikuwa ametoka kuchunguza mgahawa, hana la kumwambia mtoto, basi akamwambia alichokiona. Kwamba kuna mahali unachora juu ya meza na hakuna wa kukugombeza. Kwamba jibini linavutika kama uzi. Kwamba Jumamosi watoto wanakula bure. Rebeka alishangilia mpaka akapaliwa. "Nitakupeleka," Malimi akamwambia. "Na Jumamosi saa kumi na mbili nitakupigia, nitakuwa na habari."

Simu iliendelea kutetemeka.

"Zima hiyo takataka!" Mashimba akanong'ona kwa ukali kutoka juu ya jiwe.

Malimi aliizima. Angeipokea, hadithi hii nisingekuwa na sababu ya kuisimulia.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Geti la chini lilikuwa wazi. Walipanda ngazi wakiinama. Kwenye ngazi ya mwisho wakashusha kininja usoni, macho tu yakabaki.

Mgahawa ulijaa. Akina baba na glasi mbili mbili mbele yao. Mtoto mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti, tambi inaning'inia kidevuni. Mpishi alikuwa anarusha donge la unga hewani na watoto wanamhesabia.

"Chini wote!" Mashimba alinguruma. "Chini! Atakayepiga kelele namfumua!"

Donge la unga lilianguka sakafuni, pwaa. Kisha viti. Kisha vilio. Kina mama waliwasukuma watoto chini ya meza, vitambaa vikawafunika. Baada ya muda kidogo ukabaki muziki tu, na mtu mmoja anaomba Mungu kwa Kijita.

Malimi alishika panga mkono wa kulia, ndoo kushoto. Sauti ilimtoka nene, ya kujitengenezea. "Simu kwenye ndoo. Usinitazame. Simu." Zikadondoka moja baada ya nyingine. Meza ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mkono mmoja mkavu ulidondosha simu ndogo ya batani iliyofungwa na mpira, na yeye akapita bila kuangalia uso. Kisha akaisikia harufu aliyoijua, ya mafuta ya mgando na majani ya chai.

Akageuka.

Mkwe wake alikuwa bado kwenye kiti. Magoti hayakumruhusu kulala chini. Alivaa kitenge chake cha kanisani.

Malimi hakufikiri. Laiti angefikiri. Miguu ilirudi nyuma yenyewe, ikaacha njia. Uso ukageukia nguzo. Magoti yakakunjika. Katikati ya ujambazi, panga mkononi na kininja usoni, akachuchumaa mbele ya yule mama na kuinamisha kichwa, akingoja apite.

Hakuna jambazi anayefanya hivyo. Hakuna Mwanza nzima mwanaume mwingine mwenye sababu ya kumfanyia hivyo mama huyu. Alikuwa na binti mmoja tu.

"Malimi," mkwe akasema.

Hakuuliza. Alilitamka taratibu, chini chini, kama mtu anayesoma jina juu ya kaburi. Malimi alibaki ameangalia nguzo. Jasho lilimwingia machoni.

"Mtoto yuko chini ya meza," mkwe akanong'ona. "Alinisumbua tangu Alhamisi nimlete. Usifungue mdomo. Sauti yako anaijua."

Chini ya kitambaa cha mirabamiraba zilionekana ndala mbili za bluu. Malimi mwenyewe ndiye aliyezituma.

Saa kumi na moja na dakika kumi na nne.

Meza ya saba, Luhende alilala kifudifudi, mikono kisogoni. Mashimba alikwapua maboksi mawili. Alikuwa ameshageuka kuondoka. Ila boksi lilimchoma kiganja. Lilikuwa la moto.

Alilifungua. Piza. Zeituni, nyanya, jibini linatoa mvuke. Akafungua la pili. Piza.

Wakati huo huo, kule chini kwenye gati, injini iliunguruma. Iliunguruma kabla ya muda. Kisha sauti yake ikaanza kwenda mbali.

Mashimba alimtafuta Pius kwa macho. Pius hakuwepo. Mlango wa jikoni ulikuwa unapepea. Mabondo yalikuwa yametoka kwa mlango ule robo saa iliyopita, ndani ya maboksi mengine ya aina ile ile, yakaenda kufichwa getini, na sasa yalikuwa majini pamoja na Pius na Opiyo. Jambazi halina rafiki. Lina watu ambao hawajaliuza bado.

"Wameniuza." Mashimba alisema polepole. Kisha macho yakamwangukia Malimi pale chini ya nguzo, na yule mama aliyekaa kitini mbele yake. "Na wewe. Huyo nani anakunong'oneza?"

Ndala za bluu zilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Nakuuliza wewe! Umekuja na ndugu zako? Ndiyo mpango wenu?"

Malimi alitikisa kichwa. Aliweka panga chini, akakutanisha viganja kuomba. Mashimba alimwelekezea bastola yule mama.

"Bibi, unamjua huyu?"

"Namjua," mkwe akasema. "Na wewe nakujua, mtoto wa kulaaniwa. Vua hilo soksi, unadhani sura yako imo usoni tu?"

Malimi alisimama. Akanyoosha kiganja, taratibu, akimwonyesha Mashimba kwamba atulie. Hakuwa na hofu sana na ile bastola. Alizihesabu risasi kwa macho yake, tano, kwenye pumba.

Mashimba alifyatua juu. Taa ya kioo ikapasuka, vipande vikanyesha juu ya meza. Watoto wakapiga ukelele mmoja. Hapo ndipo Malimi alipokumbuka nani alibaki nyuma kufunga mlango.

"Kanijua," Mashimba akasema. "Kanijua sura, kakujua jina. Tutaozea Butimba kwa ajili ya bibi mmoja."

Akaushusha mkono, ukanyooka.

Hatua zilikuwa mbili tu. Kwa miaka saba Malimi hakuwahi kuzipiga. Alimrukia mkwe wake, akamkumbatia yeye na kiti chake, kifua kwa kifua, akampa Mashimba mgongo. Bastola ikalia. Ikalia tena.

Saa kumi na moja na dakika kumi na sita.

Mashimba alikimbia ngazi zote mpaka gatini. Hapakuwa na boti. Kulikuwa na povu tu juu ya maji, na mbali kule kitone cheupe kinachopungua. Alifyatua kuelekea kwenye kile kitone mpaka bastola ikabaki inagonga tu. Walinzi wa hoteli walimkuta amekaa mwisho wa mbao, miguu inaning'inia, mkono mmoja bado umeshika boksi la piza. Hakupigana.

Pius na Opiyo walikamatwa siku ya tatu. Kila mmoja aliongoza askari kwa mwenzake.

Kule juu, watu walianza kuinuka. Mtu alizima muziki. Mama Evelina alikuwa sakafuni, kiti kimevunjika, na kichwa cha mkwewe kimeangukia mapajani mwake. Kitenge cha kanisani kilikuwa kinalowa. Kininja kilikuwa kimepanda mpaka puani. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile ifungwe walitazamana machoni.

Midomo ya Malimi ilicheza. Mkwe alisogeza sikio.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nimekugusa."

"Nyamaza, baba. Nyamaza."

"Asinione."

Hakusema tena.

Kitambaa cha mirabamiraba kilitikisika. Rebeka alitokeza kichwa, kalamu ya rangi ya kijani mkononi, mashavu yamejaa sosi na machozi.

Bibi yake alikuwa mwepesi kuliko magoti yake. Alishika ukingo wa kininja kwa vidole viwili, akakivuta chini. Kikafunika pua, kikafunika midomo, kikafika shingoni. Akakinyoosha vizuri, kama anavyomnyooshea mtoto shuka.

"Bibi, huyo nani?"

Kila aliyekuwa karibu alimsikia yule mama akivuta pumzi.

"Mwizi," akasema. "Ni mwizi tu, mjukuu wangu. Usitazame."

"Amekufa?"

"Amekufa."

Rebeka aliangalia ile kofia nyeusi yenye matundu, akakiangalia kitenge. "Mbona umempakata?"

Bibi alimgeuza mtoto uso upande wa ziwa.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na tano.

Askari walikuja. Waliandika. Waliweka vitambaa viwili vya meza juu ya mwili, nyekundu na nyeupe, kwa kuwa hakukuwa na shuka. Nkwabi mwenyewe alizunguka na sahani akiwapa watoto vipande vya keki, hajui afanye nini kingine. Wahudumu walileta ndoo, kila mtu achukue simu yake.

Rebeka ndiye aliyechakura. Aliitambua mara moja ile ya batani yenye mpira. Akaifuta kwa gauni lake, akairudisha kwa bibi, kisha akabadili mawazo akaishika mwenyewe.

"Nilimpigia baba tukiwa kwenye bajaji nimwambie tunakuja," akasema. "Hakupokea. Lakini alisema atapiga saa kumi na mbili. Ana habari."

Askari aliyekuwa anaandika aliacha kalamu. Mama Evelina alimtazama tu, na yule askari akainama tena kwenye daftari lake.

Mezani karatasi ilikuwa pale pale, ina vipande vya kioo juu yake. Mtoto alikuwa amechora nyumba yenye mlango mkubwa kuliko nyumba. Kando alichora kipande cha piza, na kipande chenyewe alikuwa amekifunga kwenye tishu, akakiweka kwenye mfuko wa gauni. Alisema si chake.

Saa kumi na mbili.

Hepi awa iliisha. Mhudumu mmoja, kwa mazoea tu, akageuza kibao mlangoni.

Rebeka alikaa kwenye ngazi za hoteli, simu ameishika kwa mikono miwili ili isimponyoke ikitetemeka. Bibi yake alikaa kando, kitenge amekigeuza ndani nje.

"Labda saa yake imechelewa," mtoto akasema.

"Labda."

Wakaendelea kungoja.